Daktari wa Familia ya Nani

Atakayekwambia kwamba Sellah Wabwile alikuwa mwanamke mpole, ujue huyo hakumjua. Sellah alikuwa na mdomo. Alikuwa fundi wa nguo, sare za shule hasa, na kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa lango la zahanati ya Kambi Mawe, hapo Kitale, nyuma ya maghala ya mahindi. Ukipita asubuhi bila kumsalimia atakuita kwa jina lako lote mpaka la babu yako, na utarudi kusalimia ukitaka usitake.

Kambi Mawe yenyewe ni mtaa uliofurika watu. Nyumba za mabati zimebanana, mitaro ya maji machafu inapita mbele ya milango, na kwa miaka mingi zahanati ilikuwa na muuguzi mmoja tu, Cherono. Cherono alichanja watoto, akazalisha, akafunga vidonda, akafagia, akafunga lango jioni. Ugonjwa ukimzidi anakutuma hospitali ya mjini, na huko, maskini, kila ukienda unakuta uso mpya. Anakuuliza upya unaumwa wapi, tangu lini, unakunywa dawa gani. Unaeleza. Mwezi ujao unakuta mwingine, unaeleza tena.

Hivyo ndivyo alivyokwenda Wabwile, mumewe Sellah. Alikuwa na presha. Wa leo anampa tembe nyeupe, wa kesho anamwambia aache nyeupe anywe za manjano, wa tatu anamuuliza kwa nini aliacha nyeupe. Asubuhi moja aliinama kufunga kamba za viatu, hakuinuka. Siku ya mazishi kule Misikhu, upande wa Bungoma, nyumbani kwao, Sellah alisimama mbele ya watu akasema maneno ambayo wengine waliona hayafai kusemwa na mjane. "Mume wangu amekufa akiwa mgeni," alisema. "Miaka yote hiyo ya kutibiwa, hakuna hata mmoja aliyemjua jina."

Kutoka hapo akawa na jambo moja tu kichwani. Kambi Mawe ipate daktari wake. Si wa kupita na gari na kupungia watu mkono, la. Wa kukaa. Wa kukujua.

Kwenye baraza la kwanza, wakubwa wamekaa mbele, aliomba nafasi ya kusema. Sasa, Sellah ni Mbukusu wa Misikhu, na ulimi wake haukujali sana tofauti ya *l* na *r*. Akasema, "Kila mkija hapa mnaomba kula. Kula tunawapa. Kula mnachukua mnaenda nazo. Sisi tunabaki bila daktali." Watu walicheka mpaka wengine wakaanguka kutoka vitini. Mwenye kuongoza baraza akamrekebisha kwa upole, "Mama, ni kura." Sellah akamkazia macho. "Kura, kula, si ni kitu kimoja? Mkipata hiyo mnafanya hii." Hakuna aliyecheka tena mbele pale, ila nyuma walipiga makofi kweli kweli.

Wakubwa waliahidi, wakasahau. Basi Sellah akakusanya wanawake wenzake, kila mmoja na kiti chake cha nyumbani, wakaenda kukaa kwenye uwanja wa ofisi ya afya. Hawakupiga kelele. Walikaa tu. Huyu anashona vifungo, yule anachambua mboga, mwingine ananyonyesha. Wangui, au Mama Muchiri, jirani yake wa ukutani, mama wa Kikuyu muuza mboga, alileta hata jiko akachemsha chai. Walirudi kesho yake na keshokutwa. Mkubwa wa ofisi akiingia wanamsalimia kwa adabu, akitoka wanamtakia jioni njema. Mwishowe mtu mzima alichoka kusalimiwa, akawaita ndani.

Na daktari akaja. Kwenye tangazo la langoni iliandikwa kwamba ni daktari wa familia, na maneno hayo yaliwasumbua watu siku nzima. Thuo wa buchari, muuza nyama, aliyasoma mara mbili, akajikuna. "Wa familia ya nani?" aliuliza. "Isije ikawa ni familia ya mkubwa fulani, sisi tuambiwe tungoje nje."

"Ya kwangu," Sellah alimjibu bila kuinua macho kwenye cherehani. "Nyinyi mtahudumiwa nikimaliza."

Daktari mwenyewe aliitwa Hesbon Mukhisa, kijana wa upande wa Naitiri, mwembamba, mtaratibu, mtu ambaye ukimwambia jambo anakaa kimya kidogo kwanza, kwamba labda bado hujamaliza. Na kweli ulikuwa bado hujamaliza. Alisomea kuwatibu watu kwa nyumba zao, baba, mama, mtoto na nyanya, si ini peke yake au goti peke yake. Mchana akimaliza foleni alichukua mkoba akazunguka mtaani kuwaona wasioweza kutembea. Baada ya muda alimjua kila mtu. Alijua Sellah huacha dawa zake akiona presha imeshuka, na Jumanne, siku yake ya kliniki, anamuuliza kabla hajakaa, "Mama, umeziacha tena?" Siku moja alimuuliza habari za Wabwile. Sellah akaanza kueleza kwa ukali wake wa kawaida, katikati akashindwa, akalia mbele ya kijana yule mpaka akamaliza. Alipotoka nje alimwambia Wangui, "Leo ndiyo nimetibiwa."

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, anaoga, kidole chake kilipogusa kitu kwenye titi la kulia, karibu na kwapa. Kigumu, kama njugu mawe, na hakikuuma. Alikigusa tena. Hakushtuka sana. Jumanne ilikuwa karibu, na yeye ni mtu mwenye daktari. Aogope nini?

Jumamosi Joan akaja.

Joan alikuwa binti yake wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi Kiminini, amepita thelathini, na kulikuwa na mchumba mmoja wa zamani aliyemchezea akamwacha watu wakiona. Tangu hapo Sellah alikuwa amefunga mdomo wake kuhusu ndoa, yeye ambaye hakufunga mdomo kwa jambo lolote. Basi Joan alikaa, akanywa chai, akazungusha kikombe.

"Mama, kuna mtu anataka kuja kuwaona watu wa kwetu."

"Mtu gani?"

"Unamjua."

"Mimi najua watu wengi. Sema jina."

"Unamjua sana, mama. Si ndiye anakupima presha?"

Wee! Sellah alipiga kigelegele kikafika mpaka kwa Thuo. Alimshika binti yake akamzungusha, kikombe kikaanguka, chai ikamwagika, nani anajali chai. "Hesbon? Hesbon huyu wetu? Joan, unanichezea!" Alitoka nje akarudi ndani, akatoka tena. Na katikati ya furaha hiyo, huko nje kwenye kamba ya nguo, mkono wake ukaenda wenyewe kifuani. Akasimama. Kisha akarudi ndani polepole akakaa kitandani, na Joan akadhani ni uchovu wa kucheka.

Asiyetoka upande wa Bungoma itabidi aelezwe. Kwa watu wa Sellah, mama na mume wa binti yake hawashikani mkono. Hawakai chumba kimoja, hawali wakionana, na wakikutana njiani mmoja anakata kona. Si chuki. Ni heshima, tena heshima kubwa kuliko zote, na mama akiivunja ni kana kwamba amemvua nguo binti yake hadharani. Kuna wanaosema mambo hayo yamepitwa. Ni kweli, wapo vijana wanaowakumbatia wakwe zao na hawafi. Lakini Sellah alilelewa na mama aliyejificha kwenye migomba mkwe wake akipita, na huwezi kumwambia mtu wa aina hiyo afungue vifungo vya blauzi mbele ya mwanamume anayekuja kuoa bintiye. Hata kulitaja titi lenyewe mbele yake haiwezekani. Afadhali afe. Alisema hivyo kichwani mwake, afadhali nife, jinsi watu wanavyosema.

Jumanne hakwenda kliniki. Alimtumia Cherono ujumbe kwamba presha imetulia.

Angeweza kumwambia Joan angoje. Juma moja tu. Aonwe kwanza, ajue ni nini, halafu wageni waje. Aliliwaza hilo kila usiku na kila usiku aliona uso wa Joan akizungusha kile kikombe. Mtoto aliyewahi kuachwa ukimwambia ngoja, anasikia hapana. Sellah hakuweza. Wageni walikuja, maneno yakasemwa, ng'ombe wakakubaliwa, na yeye alikuwa jikoni na wanawake, amejifunika, akimsikiliza daktari wake kupitia ukutani kama mtu asiyemjua.

Halafu akahamisha kibanda. Kukaa pale langoni asubuhi mkwe anapita, jioni mkwe anapita, haiwezekani. Alibeba cherehani akaenda nyuma ya soko, mahali pasipo na wateja. Mama aliyepigana mpaka lango lile likapata daktari akawa hawezi kulipita. Watu walicheka mwanzoni. Wangui ndiye aliyemchokoza zaidi.

"Nyinyi watu wa Bungoma mna mambo! Kwetu mkwe ni kijana wangu tu. Namtuma hata dukani."

"Kwenu ni kwenu, Mama Muchiri."

"Na presha je? Itapimwa na nani, na huyu Thuo wa nyama?"

"Unaweza kucheka," Sellah alisema, na alicheka pia, kwa sababu wakati huo bado ilichekesha.

Hesbon hakuwa mjinga. Dawa za presha zilikuja kila mwezi kwa mkono wa Joan, na kila mara Joan alikuja na swali. "Anauliza kama kuna kitu kingine." Na Sellah anajibu, "Mwambie niko sawa." Mwezi ujao tena. Anauliza kama kuna kitu kingine, mama. Mwambie niko sawa. Mara moja Hesbon alituma neno kwamba hospitali haina mkwe, mama aje tu, na kama anaona vibaya atamtafutia daktari mwanamke. Sellah alilisikia akatikisa kichwa. Daktari mwanamke atatafutwa na nani? Na akishaona ataongea na nani? Cherono pia hivyo hivyo, kila anachokiona anakipeleka meza ile ile. Mwishowe titi la mama mkwe litajadiliwa mbele ya mkwe. "Kwake haina mkwe," alimjibu Joan. "Kwangu yuko."

Kwa magonjwa madogo walipata ujanja, yeye na Wangui. Sellah akikohoa, Wangui anakwenda kliniki anakohoa. Mguu wa Sellah ukimuuma, Wangui anachechemea mpaka kwa daktari, anaeleza maumivu ya mwenzake kama yake, anarudi na dawa, wanacheka mpaka machozi. Basi kile kigumu kilipokuwa kimekua hata ukivaa sidiria kinajionyesha, Sellah akamwita Wangui ndani, akafunga mlango, akafungua blauzi.

Wangui aliangalia. Hakucheka.

"Mama Joan. Hii utanituma nayo vipi? Nitakohoa nini?"

"Mwulize tu. Sema ni ya rafiki."

Wangui alikwenda. Hesbon alimsikiliza kwa ule utaratibu wake, akasema, "Mama, mwambie huyo rafiki aje leo. Asije kesho. Leo." Alimfuata mpaka langoni. "Ni nani? Ni wa hapa mtaani?" Wangui aliapa baadaye kwamba jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini alikuwa ameahidi, na Sellah alimwambia waziwazi, ukisema, mimi na wewe basi. Ujirani wa ukutani, watoto waliolelewa sahani moja, na kuna mambo ambayo hata Mkikuyu mwenye akili zake hawezi kuyavunja. Alirudi akalia. "Mimi nitasema," alimwambia Sellah. "Hutasema," Sellah alijibu, na hakusema, na jambo hilo litamla Wangui mpaka kaburini.

Ila siku hiyo Sellah aliogopa. Aliogopa kweli. Akasafiri mpaka Bungoma kwa dada yake Pauline, akasema amekuja kusalimu, asubuhi akaingia kwenye kliniki moja ya kibinafsi, akajiandikisha kwa jina la dada yake. Daktari alikuwa msichana mdogo, mikono ya baridi, mwenye heshima. Alimgusa, akagusa na kwapa, akavuta kiti karibu.

"Hii inataka kipande kikatwe kipimwe, mama. Wiki hii, si mwezi ujao. Umetoka wapi?"

"Kitale."

"Kitale upande gani?"

"Kambi Mawe," Sellah alisema, akajuta kabla neno halijaisha.

Uso wa msichana uling'aa. "Kambi Mawe! Kwa Daktari Mukhisa? Alinifundisha huyo! Mama, nyinyi mna bahati, sisi hapa tunawaonea wivu. Ngoja nimpigie simu saa hii, kesho atakuwa amekupangia kila kitu."

"Usimpigie."

"Ni dakika moja tu..."

"Nimesema usimpigie!" Sellah alikuwa ameshasimama, anafunga vifungo vibaya, cha juu kwenye tundu la chini. Msichana alimfuata mpaka mlangoni akimwita Mama Pauline, Mama Pauline, na watu kwenye benchi wakageuza shingo. Alitembea mpaka nyuma ya ukuta wa kanisa fulani akaketi kwenye jiwe akalia, mwanamke aliyemfokea kila mkubwa wa Kitale, analia kwa sababu mtu amemwambia ana bahati.

Aliamua kwamba atatafuta hospitali ya mbali, asikojulikana. Aliamua kabisa. Na wiki hiyo hiyo Joan akaletwa nyumbani, mjamzito tena, anatoka damu. Mimba ya kwanza, baada ya harusi, ilikuwa imeharibika. Hesbon mwenyewe alikuwa amesema huyu alale, asinyanyue hata ndoo, na asipewe habari za kumshtua. Sellah hangeweza kukanyaga nyumba ya mkwe kumuuguza bintiye huko, kwa hiyo binti alilazwa kwa mama. Miezi ilipita hapo. Sellah alipika uji, alifua, alimgeuza Joan ubavu, na usiku alilala chini karibu na kitanda akisikiliza pumzi zake. Utamwambiaje mtu wa hali ile? Ungekuwa wewe, ungemwambia?

Tena kulikuwa na jambo lingine alilolishikilia. Mila yenyewe ina mlango wa kutokea. Shemeji yake Hillary, mdogo wa Wabwile na ndiye mkubwa wa boma la Misikhu sasa, alikuwa ameeleza: mtoto akizaliwa, mkwe atakuja na kondoo na blanketi, atampa mama mkono mbele ya watu, watakula pamoja, na aibu imekwisha. Baada ya hapo wanaweza kuongea kama mama na mwana. Sellah alimwendea akamuuliza, kwa kuzungukazunguka, kama jambo hilo haliwezi kufanywa mapema kidogo.

Hillary alimgeukia. "Shemeji, haraka ya nini? Mama gani huyo anakimbilia kumshika mkwe mkono?"

Wanawake waliokuwa wakichambua maharagwe wakacheka chini chini. Sellah alihisi uso wake umewaka. "Nilikuwa nauliza tu," alisema.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, wakamwita Nekesa kwa sababu alikuja wakati wa kuvuna. Sellah alimfurahia, jamani. Lakini hakumbeba kwa mkono wa kulia. Mkono ule ulikuwa umeanza kuvimba, mwanzoni vidole, pete ikakwama, halafu kiganja, halafu wote mpaka begani, ukawa mzito usiozungusha gurudumu la cherehani. Sare za shule ziliishia hapo. Alikonda kila mahali isipokuwa huo mkono, na watu walisema ni uzee, ni uchovu wa kumuuguza Joan. Joan alipomuuliza kwa nini anavaa sweta mchana wa jua, alisema baridi ya Kitale imemwingia kwenye mifupa.

Siku ya kushikana mkono ilipangwa, Jumamosi, Misikhu. Wangui alisafiri naye. Njiani alimwambia, "Leo ukishashikwa mkono utasema?" Sellah akasema ndiyo. Leo baada ya chakula. Alikuwa amepanga hata maneno. Alikuwa na furaha, hilo lazima lisemwe, furaha ya mtu anayerudi kwao. Alikuwa amemkosa yule kijana. Tangu Wabwile afe, hakuna mtu mwingine aliyekaa kimya kumngoja amalize kusema.

Uani palikuwa na turubai, viti vya kukodi, na kondoo amefungwa pembeni anakula majani. Hillary alisimama, akasafisha koo, akasema maneno marefu kuhusu heshima na jinsi watu wa siku hizi walivyoipoteza. Kisha akamwita mkwe.

Hesbon alikuja na suti ya kijivu, blanketi begani, anatabasamu bila kujizuia. Alimfunika Sellah lile blanketi. Akanyoosha mkono. Sellah naye akautoa wa kulia kwenye sweta, maana salamu kama hiyo haitolewi kwa kushoto, na vigelegele vikapasuka pande zote, hata watoto walipiga.

"Mama," Hesbon alisema huku akicheka, "hatimaye!"

"Hatimaye, mwanangu."

Aliushika kwa mikono yake yote miwili, akautikisa. Halafu kicheko kikapungua. Vidole vyake vilikuwa vimezama. Akainua dole gumba, na shimo lilibaki pale kwenye ngozi, halikujaa. Akatazama kifundo cha mkono. Akatazama shingo yake, uso wake, lile sweta kwenye jua kali la mchana. Mkono wake mmoja ulipanda taratibu juu ya kiwiko, ukasimama.

"Imeanza lini?" aliuliza. Sauti haikuwa ya mkwe tena.

Sellah alikuwa na uongo tayari wa watu wengine wote. Lakini huyu aliuliza jinsi alivyokuwa akiuliza kliniki, kisha akanyamaza kumngoja, na uongo haukupatikana.

"Ulipokuwa ungali daktari wangu," alisema.

Kelele zilikuwa nyingi, hakuna aliyesikia isipokuwa Wangui, aliyegeukia ukuta. Hesbon alikuwa akihesabu nyuma kichwani, miezi ya kuchumbia, harusi, mimba iliyoharibika, mimba ya Nekesa. Ungeona anapofika.

"Jumanne ile hukuja."

"Sikuja."

"Nilikungoja, mama. Nilichelewesha foleni."

"Najua. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, nilikuona ukichungulia langoni." Sellah alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Joan asijue leo. Ale kwanza na watu."

Hesbon alikuwa ameinamisha kichwa juu ya ule mkono, mabega yanatikisika, na bado hajauachilia.

"Mkwe, salamu zimetosha sasa!" Hillary alipaza sauti kutoka mezani. "Mwachilie mama yako, nyama inapoa!"

Watu walicheka. Halafu Hesbon akainua uso, wakayaona machozi yanavyomtiririka mpaka kwenye tai, wakadhani ni furaha ya kupata mama, na vigelegele vikaanza upya, vikubwa kuliko vya kwanza.